Namna ya Kupima Uchipuaji wa Mishipa ya Damu kwa Yai la Kuku

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Arusha au Moshi, anayetaka kujua kama dawa ya mmea fulani inazuia au inachochea mishipa mipya ya damu, hahitaji kuanza na panya wa maabara. Yai la kuku lenye mbegu linatosha, mradi afahamu kwamba kipimo hiki ni chepesi kukifanya na kinapotosha upesi mtu asiyekuwa mwangalifu. Umuhimu wake ni mkubwa: tangu daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alipoeleza mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita milimita chache bila kujivutia mishipa yake, namna ya kuizuia mishipa hiyo imekuwa njia mojawapo ya tiba.

Mayai ya dukani hayafai, kwa sababu kuku wengi wa mayai hufugwa bila jogoo. Nunua kwa mfugaji mwenye majogoo, mayai yasiyozidi wiki moja, na usiyaoshe. Yaweke kwenye mashine ya kutotoleshea yenye nyuzijoto 37.5 na unyevu wa karibu asilimia 60, ukihesabu siku tangu saa ulipoyaingiza. Mashine iwe na betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika usiku, mayai yaliyopoa hayawezi tena kulinganishwa na yale ya wiki iliyopita.

Siku ya 3, laza yai ubavu kwa saa chache, weka alama ya penseli juu, pangusa ganda kwa spiriti ya asilimia 70, kisha uvute mililita 2 hadi 3 za ute kwa sindano, ukichoma upande uliochongoka, chini. Ute ukipungua, kilichomo hushuka na kuachana na ganda. Ziba tundu kwa selotepu, kisha kata juu kidirisha chenye upana wa sentimita moja na nusu. Chini yake utaona nukta nyekundu inayodunda, ndiyo moyo, na nyuzi nyembamba za damu zikitawanyika juu ya kiini. Funika kidirisha, rudisha yai, na kuanzia hapo usiligeuze.

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Vumbi la ganda likidondokea utando, yaani ule wenye mishipa unaotanda chini ya ganda, huuwasha, na utando uliowashwa huotesha mishipa hata kama dawa yako haina nguvu yoyote. Kwa hiyo bandika selotepu juu ya ganda kabla ya kukata, na yai lolote lililoangukiwa na vumbi litolewe hesabuni. Aidha, utando ukinywea huivuta mishipa ya zamani karibu na dawa, ikaonekana kama mipya. Ndiyo maana ni lazima kuwe na mayai yaliyowekewa karatasi yenye kimumunyishi (kimiminika kilichoyeyushia dawa) peke yake, mengine yenye protini ya VEGF, ambayo huchochea mishipa, na yote yakae kwenye mashine moja kwa wakati mmoja. Anza na mayai yasiyopungua 10 kwa kila kundi, maana baadhi yatakufa.

Suala la mwinuko lisipuuzwe. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Moshi iko chini zaidi. Hewa ikipungukiwa oksijeni, protini ya HIF haivunjwi ndani ya seli, nayo huwasha jeni ya VEGF. Ugunduzi wa jinsi seli zinavyohisi oksijeni ndio uliotunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2019. Kwa maoni yangu, mayai ya Arusha yasilinganishwe kamwe na ya Moshi, wala na takwimu za vitabu vilivyoandikwa pwani.

Siku ya 8, weka kipande kidogo cha karatasi safi ya kuchujia chenye dawa juu ya utando. Siku ya 10, piga picha kwa ukuzaji uleule, kisha mtu asiyejua makundi ahesabu mishipa inayoelekea kwenye karatasi.

Hesabu hiyo haionyeshi dawa imeingilia ishara gani. VEGF hushika kipokezi VEGFR2 juu ya seli za ukuta wa mshipa. Vipokezi viwili huungana, huwekeana fosfeti, alama ya kikemikali inayoviwasha, na ujumbe hufika kwenye protini ya ERK, inayosukuma seli kugawanyika. Ishara hiyo huwaka ndani ya dakika chache, si siku. Kwa hiyo tenga mayai mengine, kata utando dakika 10 hadi 15 baada ya kuweka VEGF pamoja na dawa, uutie mara moja kwenye barafu na vizuizi vya fosfatasi (vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti), ndipo upime kwa kingamwili ERK yenye fosfeti dhidi ya ERK yote. Endapo uwiano umeshuka huku ERK yote ikibaki ileile, dawa imegusa njia ya ishara. Endapo ERK yote imepungua, chunguza kwanza kama dawa inaua seli.