Somo: Fuawe ya kuanzia kwa shafti ya lori na gogo

Kila wiki kuna kijana ananiuliza, "Fundi, fuawe hapa Mtwara inauzwa wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Fuawe mpya, yaani lile pande la chuma la kufulia vyuma, utaagiza mbali na bei yake itakukatisha tamaa. Ya kuanzia unajitengenezea kwa kipande cha shafti ya nyuma ya lori, ile inayozungusha tairi, ukiisimamisha ndani ya gogo. Ile pembe iliyochongoka mnayoiona kwenye picha za fuawe za dukani ina kazi yake, ila kisu, panga na tezo vinafuliwa bila pembe.

Shikeni hili kwanza: kinachofanya kazi ni chuma kilicho chini ya pigo. Uso wa nyundo yako ni sentimita 4 hivi, basi fuawe yenye uso wa sentimita 5 inakutosha. Shafti ya unene huo ina karibu kilo 1.5 kwa kila sentimita 10 za urefu. Ikisimama, uzito wote uko chini ya nyundo. Ikilazwa inarukaruka, nawe unachoka bure.

1. Nenda kwa wauza vyuma chakavu. Shafti iliyokatika inafaa vilevile, na wanaipima kwa kilo.

2. Kata sentimita 45 kwa grenda. Miwani machoni.

3. Sawazisha uso wa juu, kisha viringisha ukingo kwa tupa, milimita 2 hivi. Ukingo mkali unakata kazi yako, halafu wenyewe unameguka na kuruka.

4. Tafuta gogo la mwembe au mkorosho, LILILOKAUKA, pana kuanzia sentimita 35. Mpingo waachieni wachongaji.

5. Tundu la kuisimikia shafti. Hapa ndipo nilipoharibu, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilichukua gogo bichi la mwembe, nikatoboa sentimita 30 kwa keke na nondo ya moto, nikapigilia shafti ikaingia kwa kubana, nikajiona fundi. Baada ya wiki mbili shafti ilikuwa imezama vidole vitatu. Bila kujua nilikuwa napigilia msumari mkubwa! Gogo nalo lilipokauka likapasuka toka juu hadi katikati. Mara ya pili nikaona nijanjaruke, nikamimina zege kuizunguka shafti. Zege halipendi kutikiswa. Likawa unga, shafti ikacheza kama jino bovu. Ya tatu ndiyo ninayoifulia hadi leo: chini kabisa ya tundu weka kipande cha bamba nene, milimita 10 au zaidi, shafti ikikanyage. Tundu liwe pana kidogo kuliko shafti, halafu kaza kwa kabari za mti mgumu pande nne, ukigonga kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Ukizimaliza za upande mmoja kwanza, shafti inainama na hutainyoosha tena. Mwisho livishe gogo pete ya chuma karibu na juu: ipashe mpaka iwe nyekundu, ivishe, mwagia maji, itajibana yenyewe. Kabari zikague kila Jumamosi. Zikilegea, zigonge kabla hujawasha moto.

6. Kimo: simama wima, shusha mkono, kunja ngumi. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ukifua na mgongo ukauma, iko chini mno.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Mkuu, mbona hujaitaja reli?

Reli ni nzuri sana ukiisimamisha. Ile ya kilo 40 kwa mita, nusu mita tu ni kilo 20. Lakini sisi wa kusini reli yetu ya Mtwara–Nachingwea, ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa miaka ya 1960. Kwa hiyo ukiuziwa kipande leo uliza kimetoka wapi. Kama kimeng'olewa kwenye njia inayopitisha treni, utafulia mahabusu.

Kijana wa Tandahimba: Shafti iwe urefu gani?

Hatua ya 2.

Kijana wa Tandahimba: Gogo sina, naweza kufulia juu ya sakafu ya saruji?

Saruji ikikutana na chuma chekundu inaruka vipande usoni kwako. Soma kwanza, mdogo wangu, ndipo uulize.

Fundi Geti, Lindi: Acha kutisha watu. Mimi nimechomelea bamba juu ya bomba, mwaka wa pili huu.

Sijamkataza mtu. Ila bamba lililochomelewa pembeni tu, katikati ni tupu. Gonga usikie: linalia kama debe. Unapiga mara tano pale ambapo mwenzio anapiga tatu. Kwa kunyooshea bawaba za geti, sawa.

Binti wa Nachingwea: Shikamoo fundi. Nimepata shafti mbili, nitajuaje ipi ngumu zaidi?

Marahaba, swali zuri hilo. Tafuta gololi ya beringi, idondoshe toka sentimita 25 juu ya kila uso, uweke rula pembeni. Inayorusha gololi juu zaidi ndiyo yako. Kisha pitisha tupa: kwenye chuma laini inauma mara moja, kwenye kigumu inateleza. Ukipata na springi ya lori, nakuelekeza tezo. Wachongaji wa Newala hawaachi kuziulizia. Ila springi ikiwa nyekundu izimie, yaani ichovye, kwenye mafuta, maana kwenye maji hupasuka.

Mdau wa Newala: Mkaa umepanda. Nichome maganda ya korosho?

Usithubutu. Yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji yamo humohumo kwenye ganda, na moshi wake unawasha macho na kifua. Mkaa wa mti mgumu, kidogokidogo, na mvukuto uupige pale tu chuma kimo motoni.

Mdau wa Mikindani: Jirani analalamikia mlio. Na chuma kinashika kutu usiku mmoja tu.

Kutu ni hewa ya bahari hiyo. Paka mafuta kila unapomaliza kazi. Mlio: chukua sumaku ya spika mbovu, inasishe ubavuni mwa shafti, nusu ya kelele inakufa. Na saa za swala usifue.