Jinsi ya kutaja kila aliyeshiriki kwenye programu huria

Madogo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mnaojenga programu huria, yaani zile ambazo kodi yake iko wazi kwa wote, msiishie kuwataja walioandika kodi tu. Amri ya git shortlog -sn, ya git ile programu ya kutunza historia ya kodi, inahesabu komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa humo) peke yake, kwa hiyo dada aliyekesha anatafsiri menyu kwa Kiswahili akawatumia kwa WhatsApp haonekani kabisa, na hiyo si haki. Fungua faili la AUTHORS (orodha ya washiriki) ndani ya mradi, andika jina na kazi: katafsiri, kachora, kajaribu, karipoti bagi (hitilafu). Muulize mhusika kwanza jina gani litumike, wengine hawapendi kuanikwa. Mkiandika kodi wawili, mwisho wa ujumbe wa komiti ruka mstari mmoja halafu weka Co-authored-by: jina, na imeili ndani ya mabano ya pembe < >, iwe ileile aliyosajilia GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) la sivyo hahesabiwi. Mtaje mtu mara tu kazi yake inapoingia, ukisubiri toleo litoke utasahau watu.