SOMO: Fayaplesi ya kuni au ya gesi? Anza na dohani, moto utaangalia baadaye

Habari zenu wadau. Naona wengi wanaotaka fayaplesi sebuleni wanaanza na picha, wanapenda yale mawe na ule moto mkubwa, afu habari ya kuni au gesi wanakuja kuiuliza mwishoni kabisa wakati ukuta ushasimama. Mi naanza kinyume. Moshi utapita wapi? Ukishajibu hilo nusu ya uamuzi umeisha.

HATUA YA 1: Dohani

Kama nyumba ina dohani ya zamani usiwashe chochote kabla fundi hajaimulika tochi ndani, aangalie nyufa, viota vya ndege, masizi yaliyoganda, na kama lile bomba la ndani la udongo au la chuma bado ni zima. Kama haina na unataka kuni, basi ijengwe, na kichwa chake kipite paa kwa angalau sentimita 90 pale inapotokea, tena kizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Ikiwa fupi upepo unagonga paa unausukuma moshi urudi sebuleni, na hapo utamlaumu fundi wa meko bure.

Gesi ina nafuu hapa. Ile iliyozibwa kabisa mbele kwa kioo ina bomba la njia mbili, moja inavuta hewa ya nje na nyingine inatoa hewa chafu, na linaweza kutokea ukutani tu bila dohani ya matofali. Ipo pia isiyo na bomba lolote, hiyo mimi sikushauri hata kama muuzaji anaisifia vipi, kwa sababu kila kinachoungua kinabaki humohumo chumbani pamoja na mvuke wa maji, unaona madirisha yanatoka jasho na ukuta unaanza kuota ukungu. Kuna nchi zimeipiga marufuku majumbani.

HATUA YA 2: Unataka joto au unataka kuangalia moto?

Hapa ndo watu wanapigwa. Meko ya wazi ya kuni ni tamu kuikalia, ila joto linalobaki chumbani ni kama asilimia 10 hadi 15 tu, lingine lote linapanda juu, na likipanda linavuta na hewa ya vyumba vingine, yani unakaa mbele ya moto umependeza huku chumba cha nyuma kinazidi kuwa baridi. Tatizo ni la zamani sana. Benjamin Thompson, yule mwanasayansi aliyeitwa Count Rumford, aliliandikia mwaka 1796 akashauri meko isiwe na kina kirefu, kuta za pembeni zikae mshazari zirudishe joto kwa watu, na koo la dohani, pale juu ya moto moshi unapoingilia, liwe jembamba. Hata leo ukijenga meko ya wazi mwambie fundi afuate mpango huo.

Jiko la chuma lenye mlango wa kioo linakupa asilimia 60 mpaka 80. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kuni hazina joto" muulize kwanza kuni za kwenye nini, maana tofauti ya meko wazi na jiko lililofungwa ni kubwa kuliko tofauti ya kuni na gesi. Na gesi nayo ina mtego wake, yale magogo ya bandia yanayowekwa ndani ya meko wazi ni pambo zaidi, joto linapotea vilevile.

HATUA YA 3: Kazi utakayoishi nayo

Kuni zilizokatwa leo karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Unataka zishuke chini ya asilimia 20, na hiyo ni miezi 6 hadi mwaka kwa miti laini, migumu mwaka mpaka miwili, zikiwa zimepasuliwa, zimeinuliwa kutoka chini na kufunikwa juu tu, pembeni upepo upite. Kipima unyevu kipo, ila pasua gogo upya upime upande wa ndani, ganda la nje linadanganya. Ukichoma mbichi joto linaishia kuchemsha maji, na moshi wake unapoa njiani na kuganda dohanini kama lami nyeusi, mafundi wanaiita kriosoti. Siku ikishika moto ndani ya dohani inapita nyuzi joto 1000 na matofali yanapasuka. Ndo maana dohani ikaguliwe kila mwaka, na ikiwa chafu isafishwe.

Gesi unabonyeza tu. Lakini usijidanganye haina matunzo, kila mwaka fundi aje asafishe vijitundu vya kutolea gesi maana buibui wanapenda kuvijengea utando, na masizi yakionekana kwenye kioo zima na umwite.

Kama unafurahia kupasua na kupanga kuni, chukua jiko la kuni lililofungwa. Kama unajua utachoka mwezi wa pili, chukua gesi iliyozibwa.

HATUA YA 4: Kuwasha kuni bila kufukiza nyumba

Fungua dampa, kile kilango cha chuma cha dohani. Magogo makubwa chini, madogo juu yake, vijiti juu kabisa. Washa karatasi uishike karibu na koo mpaka hewa ianze kupanda, ndo uwashe vijiti vya juu. Moto utashuka wenyewe, moshi kidogo sana.

Na mahali popote penye moto, kuni au gesi, weka king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotokana na moto. Gesi hiyo haina harufu wala rangi.

MASWALI YA WADAU

Mama Pacha: Nikiwasha feni ya jikoni moshi unarudi sebuleni, dohani imeziba?
Jibu: Pengine haijaziba dada. Feni inatoa hewa nje na nyumba inatafuta hewa mbadala kupitia dohani. Zima feni, fungua dirisha kidogo upande wa meko, ukiona bado ndo umwite fundi.

Kichwa Ngumu: Umeme ukikatika gesi inawaka?
Jibu: Yenye pailoti, kile kimoto kidogo cha kuwashia kinachowaka muda wote, kawaida inawaka, feni yake tu ndo haizunguki. Ya kuwasha kwa umeme inahitaji betri za akiba, uliza kabla hujalipa.

Fundi Mdogo: Mbao chakavu zenye rangi zinafaa?
Jibu: Hapana mkuu. Rangi na dawa za mbao zinatoa sumu, nyingine zina aseniki. Magogo yaliyookotwa baharini nayo acha, chumvi inakula chuma.

Bibi Harusi: Mtoto wetu anatambaa, gesi si salama zaidi?
Jibu: Kwa cheche ndiyo, kwa kuungua mkono hapana. Kile kioo kinachoma vibaya na kinabaki moto muda mrefu baada ya kuzima. Weka wavu wa kuzuia, uwe wa kufungwa ukutani asiuangushe.

Msafiri: Jiko limetengenezwa kwa gesi asilia, naweza kuunga mtungi?
Jibu: Sio hivihivi. Presha na matundu ni tofauti, fundi abadilishe kwa vifaa vya jiko hilohilo, na mengine hayabadilishiki kabisa. Kumbuka gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Ukisikia harufu usiguse swichi, toka nje na watu wote upige simu ukiwa huko.

Mzee wa Majivu: Majivu natupa lini?
Jibu: Makaa yanaweza kukaa hai siku kadhaa chini ya majivu mzee wangu. Ndoo ya chuma yenye mfuniko, iwekwe nje mbali na ukuta, isiwe ya plastiki wala boksi. Ila ukisafisha bakiza sentimita 2 hivi chini ya kuni, moto unashika vizuri zaidi.