Namba wiano au isiyowiano: usihukumu kwa kioo cha kikokotoo

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza wakiona tarakimu nyingi baada ya nukta huandika "isiyowiano" na kuendelea na swali linalofuata. Maksi zinapotelea hapo. Urefu wa desimali hauamui kitu. Cha kuuliza ni kama namba inaandikika kuwa sehemu yenye kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) ambazo ni namba kamili, asili isiwe sifuri. 7 ni 7/1, 0.35 ni 7/20, −2⅔ ni −8/3. Zote ni namba wiano, hazina mjadala.

Wakulima watatu wa Tandahimba wakigawana sawasawa kilo 100 za korosho, kila mmoja anapata 33.333... Desimali haiishi, lakini ni 100/3, kwa hiyo ni wiano. Hapo kujirudia kunaonekana wazi. Sasa gawa 1 kwa 17: kikokotoo kitaleta 0.058823529, tarakimu ambazo hazionyeshi mpangilio wowote. Kilichoisha ni nafasi ya kioo tu. Ukigawa kwa mkono utapata 0588235294117647, tarakimu 16, kisha zinaanza upya. Lazima ziwe hivyo: ukigawa kwa 17 bila kumaliza, baki haliwezi kuwa jingine ila kati ya 1 na 16, na baki likishajitokeza mara ya pili, hesabu yote inajirudia. Basi ukipewa sehemu, weka kikokotoo pembeni. Jibu unalo tayari.

Ukipewa desimali inayojirudia, irudishe kuwa sehemu. Tuseme x = 0.2727... Zinazojirudia ni tarakimu mbili, kwa hiyo zidisha kwa 100: 100x = 27.2727... Toa x, unabaki na 99x = 27, yaani x = 3/11. Angalia lakini 0.1010010001..., ambapo sifuri zinaongezeka kila hatua. Ina mpangilio, ila hakuna kundi linalojirudia lilelile, kwa hiyo ni isiyowiano.

Kwenye vipeuo vya pili, tumia namba tasa. Turubai la mraba la kuanikia korosho lenye upande wa mita 3 lina ulalo wa √18, kwa sababu 9 + 9 = 18. Vunja 18: 2 × 3 × 3. Hizo 3 zimepata jozi, 2 imebaki peke yake, basi √18 ni isiyowiano. Futikamba itakupa mita 4.24, na kwa kukata kamba inatosha kabisa, ila 4.24 × 4.24 ni 17.9776, si 18. Kinyume chake, 1764 ni 2 × 2 × 3 × 3 × 7 × 7, kila moja na mwenzake, na kipeuo chake ni 42.

Kipeuo cha sehemu kirahisishe kwanza. √(50/98) inatisha mpaka ugawe juu na chini kwa 2: √(25/49) = 5/7. Desimali nazo zigeuze ziwe sehemu: √0.09 ni √(9/100), yaani 0.3, lakini √0.9 ni √(9/10), na 10 haina jozi, hivyo ni isiyowiano.

π ni isiyowiano, ingawa 22/7 ni wiano. Linganisha: 3.14159... na 3.142857... Zinaachana kwenye tarakimu ya tatu ya desimali. 22/7 ni makadirio ya kukokotolea mzingo, si π yenyewe.

Mwisho, fanya hesabu kabla ya kuainisha: √8 × √2 = √16 = 4, ambayo ni wiano, wakati √8 + √2 = 3√2, ambayo siyo.