Kabla hujamleta nyumbani mzee mwenye ganzi ya miguu

Kama mama, baba au bibi yako ameishi na kisukari miaka mingi, anasema nyayo zina ganzi, na mmekubaliana aje kukaa kwako, soma haya kabla hujaenda kumchukua. Mimi nilijiandaa wiki nzima, na bado mama yangu alivunjika nyonga usiku wa tatu.

Apimwe kwanza. Ganzi ya sukari huanzia vidole vya miguu ikapanda taratibu, na wazee wengi hawasemi mpaka waulizwe. Kliniki hutumia uzi mgumu wa plastiki unaopinda ukikandamizwa kwa gramu 10. Mzee akifumba macho na asiusikie ukimgusa unyayo, basi ujue. Kipimo kingine ni kumsimamisha miguu pamoja, kisha afumbe macho. Akiyumba zaidi kuliko alipokuwa ameyafumbua, miguu yake haimpi tena habari za kutosha. Daktari Mjerumani, Moritz Romberg, alilieleza jambo hili katika karne ya 19. Usimjaribu ukiwa umekaa kitini upande wa pili wa chumba. Simama karibu naye, mikono tayari kumdaka.

Mwili hujua kama uko wima kwa njia 3: macho, sikio la ndani lenye mifereji yake 3 ya maji kila upande, na habari zinazotoka kwenye ngozi ya nyayo, misuli na viungo. Mwenye ganzi amepungukiwa na hiyo ya mwisho, kwa hiyo anaegemea sana macho. Sasa umeme ukatike hapa Arua, Uganda, saa 4 usiku, macho nayo yanaondoka. Amebaki na sikio tu, na la mzee wa miaka 70 si lile la kijana.

Tochi iwe karibu na mto. Viatu vya kufunga nyuma, kandambili hapana, na peku asitembee kabisa, maana atakanyaga msumari asijue. Soli zisiwe nene na laini kama sponji, kwa sababu zinamficha ardhi. Mikeka ikunjwe njiani. Sabuni isimwagike bafuni. Hayo kila mtu anayajua, yafanye tu.

Nisilolijua mimi ni hili. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na ua wa matete kuanzia mlango wa jikoni mpaka chooni, umezeeka, umelegea, hata kuku akiuparamia unalia. Mama alipokuwa akija kututembelea alipita pale usiku na mara zote alirudi salama. Nilipojua sasa anakuja kukaa, niliung'oa wote. Niliona matete yaliyovunjika yatamchoma, na nilitaka njia iwe pana na safi. Nikasawazisha udongo. Nikamnunulia tochi mpya.

Usiku wa tatu alitoka na birika mkono wa kushoto na tochi mkono wa kulia. Nilisikia birika likigonga chini. Nilipofika alikuwa amelala ubavu katikati ya uwanja ule niliousawazisha, tochi bado inawaka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, matete yako wapi?"

Nilifikiri anaweweseka kwa maumivu. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenifungua macho, miezi kadhaa baadaye, mama alipoanza kusimama tena. Alimwambia afumbe macho, akaanza kuyumba kama mgomba kwenye upepo. Kisha akamwambia aguse meza kwa ncha ya kidole kimoja, bila kuegemea. Mama akatulia. Palepale, mbele yangu. Kidole kile kisingeweza kumshikilia asianguke, lakini kilimwambia mwili unaelekea wapi. Ukiyumba kidogo, ngozi ya kidole inavutwa, mkono unahisi, na miguu inasahihisha kabla hujafikiri. John Jeka na James Lackner walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha 1994: mguso mwepesi, chini ya uzito wa gramu 100, ulipunguza kuyumba sawa na kukandamiza kwa nguvu. Baadaye ilionekana unawasaidia pia walioharibika sikio la ndani na wenye ganzi ya miguu.

Kwa hiyo ua wangu mbovu ndio uliokuwa miguu ya mama. Nikauondoa, halafu nikaujaza tochi ule mkono aliokuwa akiupitisha kwenye matete.

Kabla hujaondoa chochote, kaa jioni 2 au 3 umwangalie mzee anavyotembea. Usitazame miguu, tazama mikono. Inagusa wapi? Mgongo wa kochi, fremu ya mlango, mtungi? Hivyo visisogezwe hata kwa kufagia. Panapokosekana cha kugusa, weka. Sisi tulianza na kamba ya kuanikia nguo, ikawa kosa lingine: kamba ikicheza, mwili nao unaifuata. Kitu cha kugusa lazima kitulie. Pazia halifai, kiti cha plastiki kinachoteleza hakifai. Sasa tuna mianzi iliyopigiliwa kwenye nguzo, usawa wa kiuno, bila pengo mpaka mlango wa choo. Maji yanamsubiri hukohuko na tochi anavaa kichwani, mikono ibaki mitupu. Angalia pia kama vidole vya mikono bado vinasikia, kwani sukari ikizidi hufika na huko.

Mengine: akiamka akae kwanza kitandani kidogo ndipo asimame. Akiandikiwa sindano za gentamaisini, mwambie daktari kwamba tayari ana shida ya kusimama, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuharibu sikio la ndani. Watoto wasiache baiskeli njiani. Mbuzi wafungwe mbali, kamba zao hazionekani usiku. Na mvua ikinyesha, msindikize, hata akikataa.