Pikipiki ya kwanza: jifunze klachi kabla ya mwendo

Anza na injini ya cc 100 hadi 125. Ya 150 mwachie anayebeba mzigo. Ukikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kwa iliyotumika, bonyeza cheni katikati: ikicheza kama milimita 25, sawa. Meno ya spoketi (magurudumu madogo yenye meno yanayoshika cheni) yakichongoka kama ya msumeno, dai punguzo la bei ya seti nzima ya cheni na spoketi, maana cheni mpya juu ya spoketi kuukuu haidumu.

Mazoezi yaanzie uwanjani, bila kuvuta mafuta. Bana klachi (mkono wa kushoto unaotenganisha injini na gurudumu), tia gia ya kwanza, iachie taratibu hadi pikipiki ianze kusogea, shikilia klachi hapo, kisha ibane tena. Rudia mara 20. Injini huzimika kwa sababu unaachia klachi ghafla. Na breki ya mbele? Ibane polepole, ukiikaba huku umekunja usukani kwenye changarawe, utaanguka.