Hatua za kukua kwa mwandishi wa hadithi

Wapo wanaopima ukuaji wa mwandishi kwa idadi ya kurasa alizojaza, na wapo wanaoupima kwa sifa anazopewa na marafiki. Mimi nautazama kwa kipimo kimoja tu: ni kasoro za aina gani anazoweza kuziona katika mswada wake mwenyewe bila kuonyeshwa na mtu. Hatua nitakazozieleza zinafuata kipimo hicho.

Hatua ya kwanza: kuiga

Chagua hadithi fupi unayoipenda, uinakili kwa mkono ukurasa mmoja, kisha uandike ukurasa wako ukifuata mwendo wa sentensi zake. Kazi hii ni ya daftarini, si ya kuchapishwa. Usione haya, kwa maana hata fundi seremala huanza kwa kukata mbao kwa kipimo cha mwalimu wake.

Hatua ya pili: kumaliza

Mwandishi mwenye mianzo ishirini na asiye na mwisho hata mmoja bado hajajifunza msuko, yaani mpangilio wa matukio, kwa kuwa makosa ya mwanzo huonekana pale tu hadithi inapofika mwisho. Andika hadithi fupi za kurasa tatu au nne, na kila moja uifikishe tamati hata kama imekuchosha. Mwandishi Mrusi Anton Chekhov alianza kuchapisha visa vya kuchekesha mwaka 1880, akiwa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1886 mwandishi mkongwe Dmitry Grigorovich alimwandikia barua ya kumsifu na kumsihi aache kuandika kwa haraka, naye akakiri kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoishughulikia kwa zaidi ya siku moja. Naona mpangilio huo ulimfaa: kwanza miaka ya kumaliza kazi nyingi, ndipo utulivu.

Hatua ya tatu: kuliona tukio

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo nitakapokaa zaidi. Tazama sentensi hii: “Aliamka, akavaa, akafungua mlango, akamkuta baba yake amekufa.” Kisarufi haina kosa. Lakini kiambishi -ka- kinayasukuma matukio yote kwa mwendo mmoja, hata kifo kikapita kama vile kuvaa shati. Linganisha na hii: “Alikuwa angali anafunga vifungo vya shati alipofungua mlango. Baba yake alikuwa ameketi kitini, macho wazi, redio ikiendelea kuzungumza.” Neno “kufa” halikutajwa, na msomaji amelisikia. Kiambishi -li- kimeweka msingi, -ki- kimeonyesha jambo linaloendelea pembeni, na -ka- imewekwa akiba kwa ajili ya mahali ambapo kasi inahitajika kweli.

Katika hatua hiihii mwandishi hujifunza kulinda mtazamo. Ukiwa umetuweka ndani ya fikra za Rehema, kisha ukaandika kwamba alilala asijue jirani yake anapanga kumwibia, msomaji atajiuliza ni nani aliyemwona huyo jirani. Msimulizi maizi anaruhusiwa kujua yote, ila awe maizi tangu ukurasa wa kwanza, asizuke pale tu mwandishi anapokosa njia nyingine.

Hatua ya nne: kuandika upya

Kusahihisha tahajia siko ninakokusudia hapa. Weka mswada kando majuma mawili, uusome kwa sauti, na uweke alama kila mahali ulimi unapojikwaa au akili inapotaka kuruka aya. Kisha andika sehemu hizo upya bila kutazama maneno ya awali. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway, katika mahojiano yaliyochapishwa na jarida la The Paris Review mwaka 1958, alisema aliuandika upya mwisho wa riwaya yake moja mara 39.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha uandishi

Swali: Mwalimu, nimesoma kwamba mwandishi Franz Kafka aliandika hadithi nzima kwa usiku mmoja. Je, hatua hizi ni za lazima kwa mwenye kipaji?

Jibu: Ni kweli, ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Septemba 1912. Lakini alikuwa na umri wa miaka 29, na alikuwa akiandika tangu ujana wake. Usiku ule ulikuwa na miaka mingi nyuma yake.

Swali: Je, kila hisia ni lazima ionyeshwe kwa vitendo?

Jibu: Hapana, na ushauri huo umewaponza wengi. “Alisubiri miaka minne” ni sentensi nzuri ikiwa miaka hiyo haina tukio linalobadilisha chochote. Onyesha pale mhusika anapofanya uamuzi. Kwingineko simulia kwa ufupi, usonge mbele.

Swali: Ndugu mwalimu, kila nikisoma kazi yangu ya mwaka jana naona aibu. Nimerudi nyuma?

Jibu: Mwaka jana kasoro hizo zilikuwapo na hukuziona. Chukua hadithi moja kati ya hizo, ile inayokuaibisha zaidi, uandike orodha ya unachokichukia ndani yake kwa sentensi kamili, si kwa neno “mbaya”. Kisha uilete hapa pamoja na orodha hiyo, tuanze na kipengele cha kwanza.